Vyuma vilivyovunjika nivipeleke wapi? Barua ya wazi kwa wanaosimamia elimu ya uhandisi nchini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Na kwa wakuu wa vyuo vikuu vinavyofundisha uhandisi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, mstaafu. Kwa miaka 31 nilifanya kazi katika maabara ya vyuma ya chuo kimoja cha umma, ambacho sitakitaja kwa sababu ninayotaka kuyasema hayahusu chuo kimoja. Sikuwa mhadhiri. Kazi yangu ilikuwa kukata sampuli, kuwasha tanuru, kutunza mashine, na kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa pili kila Jumatano mchana ili waone kwa macho yao jinsi chuma kinavyovutwa mpaka kikakatika. Ninaandika kuiombea nafasi elimu ya uhandisi wa maada, yaani ya vitu tunavyojengea na kutengenezea na kwa nini vinavunjika. Naandika kwa sababu ya swali nililoulizwa na binti wa dada yangu, na kwa sababu ya sanduku lililopo uvunguni mwa kitanda changu.

Binti huyo amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na amefaulu vizuri. Alikuja kunisalimia, akaniuliza: "Mjomba, nikitaka kusoma kile ulichokuwa unafanya wewe, kwa nini chuma hiki kinapinda na kile kinavunjika, niombe shahada gani?" Nikamwambia akiingia uhandisi mitambo atakutana na somo moja au mawili ya namna hiyo. Akiingia uhandisi ujenzi atafundishwa zege. Dar es Salaam na Dodoma kuna uchenjuaji wa madini, atajifunza kukitoa chuma ndani ya jiwe, ni elimu nzuri sana, lakini kinachokipata chuma baada ya kutoka kwenye jiwe ni habari nyingine. Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha ina skuli ambayo maada zimo hadi kwenye jina lake, ila wao hupokea wa uzamili na uzamivu. Mtoto wa kidato cha sita hapiti mlango ule.

"Kwa hiyo nisome kitu kingine kwanza miaka minne, ndipo nianze kusoma ninachokitaka?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Naomba mnisaidie kumjibu.

Najua jina lenyewe linasumbua. Wengine huiita taaluma hii uhandisi wa vifaa, na msikilizaji anafikiria duka la vifaa vya ujenzi. Wengine husema uhandisi wa malighafi, lakini malighafi ni kitu ambacho hakijatengenezwa bado, ilhali taaluma hii inakifuata kitu tangu kikiwa udongo hadi siku kinapokatikia mikononi mwa mtumiaji. Mimi nasema uhandisi wa maada, kwa kuwa neno maada tulilikariri shule ya msingi: kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Mkipata neno lililo bora, litumieni. Mwaka 2017, makontena 277 yalipozuiliwa bandarini Dar es Salaam, nchi nzima ilijifunza neno makinikia, yaani mchanga wa madini uliochenjuliwa, ndani ya siku chache, hadi wauza kahawa vijiweni. Neno halijawahi kutushinda.

Sasa niwaeleze habari ya shafti.

Mwaka 2009 mama mmoja mwenye mashine ya kusaga alifika getini kwetu na kiroba begani. Alikuwa amesafiri na kiroba kile kwa basi tangu alfajiri. Ndani mlikuwa na shafti ya mashine yake, vipande viwili, pamoja na kipande kifupi chenye mkatiko wa kwanza, ambacho fundi alikikata kabla ya kuchomelea. Akatueleza: ilikatika mara ya kwanza, fundi akaichomelea, ikadumu wiki tatu. Ikakatika tena, pembeni kidogo ya pale ilipochomelewa. Fundi akaongeza vijiti, akaijaza vizuri zaidi, na safari hii ikadumu siku tisa. Kijijini jirani mmoja alikuwa ameanza kumnong'oneza kwamba biashara yake imetupiwa kitu. Yeye alisema anataka kwanza asikie watu wa chuo wanasemaje.

Niliuosha uso wa mkatiko wa kwanza kwa petroli na mswaki wa zamani, nikauweka juani. Chuma kilichozidiwa mzigo kikakatika kwa mpigo mmoja huwa na uso wa chengachenga, unaofanana kotekote. Huu haukuwa hivyo. Kutoka kwenye kona ya mfereji wa kii, ule mfereji unaokaa kipande cha chuma kinacholishika puli, zilianza alama za nusu duara, laini, moja nyuma ya nyingine, kama mistari ambayo bahari huiacha mchangani maji yanapokupwa. Zilikuwa zimeenea theluthi mbili ya uso mzima. Kilichobaki upande wa pili ni kijisehemu cha chengachenga, pale chuma kilipoelemewa kabisa kikaachia. Kila mstari ulikuwa kituo: ufa ulitembea, ukapumzika, ukatembea tena. Asubuhi mashine inawashwa, jioni inazimwa. Shafti ile haikuvunjika siku mama alipousikia mlio. Ilianza kuvunjika miezi mingi nyuma, na kila debe la mahindi liliusogeza ufa mbele kwa upana mdogo kuliko unywele.

Hiyo ilikuwa ya kwanza, kabla ya fundi kuigusa. Mkatiko wa pili na wa tatu ulikuwa na sababu nyingine. Nilikata kipande pembeni ya mshono wa kuchomelea, nikakisugua kwa msasa namba 240, kisha 400, 600 na 1200, kila mara nakigeuza robo duara mpaka mikwaruzo ya msasa uliotangulia ipotee yote. Nikaking'arisha kwa unga wa alumina hadi ukijitazama unaiona sura yako. Kisha nikakichovya kwenye naitali, ambayo ni mililita 2 za asidi ya naitriki ndani ya 98 za spiriti, sekunde chache tu, mpaka king'ao kikafubaa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Chini ya hadubini, mbali na mshono, chuma kilikuwa na sura yake ya kawaida: madoa meupe, na katikati yake mistari myembamba iliyopangana kama ya dole gumba. Karibu na mshono mistari hiyo ilikuwa imetoweka. Palikuwa na sindano tupu, zimepishana kila upande.

Maana yake ni hii. Shafti ilikuwa ya chuma chenye kaboni kama asilimia 0.4. Ukikichomelea chuma cha namna hiyo kikiwa baridi, mara tu moto unapoondoka unene wa shafti unalinyonya joto kwa kasi, na ukanda mwembamba kando ya mshono unageuka mgumu na mwepesi wa kuvunjika kama kioo. Ndicho akifanyacho mhunzi anapotumbukiza patasi majini ili makali yadumu, ila mhunzi hukusudia, tena huirudisha motoni kidogo kuilainisha. Fundi wa kijijini hakukosa bidii. Kila alipoongeza vijiti aliongeza na ule ukanda.

Tulimwandikia mama karatasi moja. Achongeshe shafti mpya, kona za mfereji ziwe na mviringo badala ya pembe kali, na mkanda usikazwe kupita kiasi. Na ikibidi kuchomelea siku nyingine, shafti ipashwe kwanza hadi nyuzi 250 hivi, vijiti vikaushwe, na ikishachomelewa ifukiwe kwenye majivu ipoe taratibu usiku kucha. Gharama ya uchunguzi wote ilikuwa vipande vya msasa, spiriti kidogo, na mchana wa Jumatano. Wanafunzi watatu walikuwepo. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, kama anazungumza peke yake, "Kumbe ndicho tulichokuwa tunachora." Walikuwa wameshauchora mchoro wa chuma na kaboni mara nyingi, wakaufanyia na mtihani, na hawakuwa wamewahi kukutana nao ana kwa ana.

Waheshimiwa, uhandisi wa maada wote umo ndani ya kiroba kile. Kwa nje ni masomo mengi, lakini swali ni moja: kitu hiki kimepangika vipi ndani yake, na mpangilio huo umekipa tabia gani? Waya laini wa kufungia nondo na tupa ya kunolea panga ni chuma kilekile. Kinachovitenganisha ni kaboni kama asilimia moja hivi na jinsi kila kimoja kilivyopozwa. Mwanafunzi anajifunza kwamba chuma kikipita nyuzi 912 chembe zake zinajipanga upya na kinaweza kuimeza kaboni nyingi zaidi, na kwamba kikishuka chini ya nyuzi 727 inabidi kiitapike. Hapo ndipo wahunzi wote duniani wanapofanyia kazi yao, wajue wasijue. Akishakielewa chuma, elimu ileile inamvusha kwenye saruji, inayozaliwa kwenye tanuru la nyuzi 1,450 pale Wazo na Tanga na Mbeya; kwenye vigae na vyungu; kwenye plastiki za mabomba; kwenye nyuzi za mkonge zinazoweza kuimarisha ubao au plastiki; kwenye betri za simu. Mwaka wa mwisho anapewa kitu kilichovunjika, anaambiwa aeleze kwa nini, na angetumia nini badala yake.

Mahitaji yake tunayakanyaga kila siku. Pwani yetu yote zege linapasuka kwa sababu chumvi imezifikia nondo, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, hivyo inalisukuma zege kutoka ndani. Zanzibar, Beit al-Ajaib iliyojengwa 1883 iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Novemba 2024 ikawa Kariakoo. Sitasema chanzo cha hata moja, si kazi yangu wala sina haki hiyo. Ninachojua ni kwamba kila baada ya msiba maswali huwa yaleyale: zege lilikuwa na nguvu kiasi gani, nondo zilikuwa za namna gani, zilikuwa zimekaa katika hali gani. Ni maswali ya maada. Tunayauliza tukiwa tumeshazika.

Na sasa tumejenga vitu vikubwa. Treni ya umeme imeanza safari 2024. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Kila gurudumu la treni ile limeanza kuchoka siku ilipoondoka stesheni kwa mara ya kwanza. Nasema hivi bila ubaya wowote, ndivyo magurudumu yalivyo duniani kote. Kila pangaboi lile litasuguliwa na maji ya Rufiji pamoja na mchanga wake kwa miaka 50 ijayo. Wajenzi wataondoka. Mwaka 2040 nani atakichukua kipande kilichopasuka, akikate, akisugue, akitazame, na kusema kwa uhakika kama vilivyobaki vitaendelea kutumika au visimamishwe?

Hapa inanibidi nikiri jambo, na ndilo lililonichelewesha kuiandika barua hii hadi nikastaafu.

Mashine yetu ya kuvutia sampuli ilikuwa ya msaada, imefika kabla sijaajiriwa. Ilikuwa imara, ukiitunza inakutunza. Mwaka mmoja sili yake ya mafuta ikachanika. Sili ile ni pete ya mpira, unaikamata kwa vidole viwili. Tuliandika maombi, yakarudi kwamba fedha za matumizi mengineyo zimekwisha. Mwaka uliofuata tukaandika tena. Zabuni ikatangazwa, mzabuni akaleta sili ya mashine nyingine. Miaka minne mashine ilisimama imefunikwa shuka. Kwa miaka hiyo minne wanafunzi waliendelea kuja kila Jumatano, kwa sababu somo lilikuwa kwenye mtaala na mtihani ulikuwa kwenye ratiba. Tuliwapa namba za majaribio ya zamani, wakazichora kwenye karatasi za grafu, wakaandika "tulichukua sampuli ya chuma, tukaifunga kwenye mashine". Nami, kama msimamizi wa maabara, nilitia saini kwamba jaribio limefanyika.

Nimetia saini majaribio ambayo hayakufanyika, ya vijana mia kadhaa. Leo ni wahandisi. Wengine wapo kwenye madaraja, wengine kwenye viwanda, na baadhi yao hawajawahi kusikia mlio wa nondo inapokatika. Mlio huo hausahauliki. Unaanza kwa kimya, nondo inarefuka taratibu, inajinyonga kiuno, mwanafunzi anajisahau anasogea karibu, kisha unalia kama bunduki na kila mtu anaruka nyuma. Kuanzia hapo kijana anajua kwamba chuma kizuri hutoa taarifa kabla ya kukatika, na kwamba kibaya hakitoi. Hata mashine ilipopona, walikuwa 40 kwa sampuli moja. Wa mbele wanaona, wa nyuma wanapiga picha za simu, na wa mlangoni wanasubiri namba.

Ndiyo maana ombi langu si kwamba muanzishe shahada yenye jina jipya. Jina ni rahisi: mtaala unaandikwa, ithibati inatafutwa, tangazo la udahili linatoka, na wanafunzi wanaingia kwenye maabara ileile yenye mashine iliyofunikwa shuka. Ninaomba maabara kwanza, na mtu wa kuishika, ndipo shahada ifuate.

Tulikuwa na elimu hii mikononi, tukaiacha. Huko Buhaya, mkoani Kagera, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika 1978, katika jarida la Science, kwamba karibu miaka 2,000 iliyopita wahunzi wa eneo lile walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni, yaani feleji hasa, kwenye matanuru ya udongo, huku hewa ya mifuo ikipashwa moto kwanza ndani ya mirija iliyoingizwa katikati ya tanuru. Jambo linalonigusa zaidi ni jinsi walivyopata uthibitisho. Waliwatafuta wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani, kabla chuma cha kununua hakijaifuta, wakawaomba wajenge tanuru upya na kuliwasha. Hawakuwapa karatasi ya mtihani. Elimu ilikuwa kwenye mikono ya wale wazee, na mikono ile ingezikwa nayo kama isingeulizwa kwa wakati.

Leo tunasema kuongeza thamani. Sheria za 2017 zinasema hivyo, kila hotuba ya madini inasema hivyo, na mimi naamini hivyo. Lakini tazameni Liganga kule Ludewa. Tangu nikiwa kijana nasikia chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, na mwaka 2011 mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ulisainiwa. Jiwe la Liganga halina chuma peke yake. Lina titani na vanadi ndani yake. Vanadi ni baraka, chembe zake chache zinaiongezea feleji nguvu. Titani ni mali pia, ila ndani ya tanuru la kawaida hugeuka mzigo: mavi ya chuma, yaani uchafu wa jiwe ulioyeyuka, yanakuwa mazito kama uji uliopoa, hayatiririki, na tanuru linakabwa koo. China wana mawe ya jamii hiyohiyo huko Panzhihua, mkoa uleule wa Sichuan, na kabla tanuru lao la kwanza halijatoa chuma 1970 walikuwa wamekusanya wataalamu kwa ajili ya tatizo hilo moja. Tena walikuwa nao wa kuwakusanya, kwa sababu mwaka 1952 walishaanzisha Beijing chuo kizima kwa ajili ya chuma. Mawe yetu yamesubiri mwekezaji miaka yote hii. Yangeweza kuwa yanasubiri huku vijana wetu wanayasaga, wanayayeyusha kwa gramu 200 kwenye tanuru dogo, na kuandika tasnifu.

Madini ya kinywe (grafaiti) ni vivyo hivyo. Mahenge na Ruangwa tunayo mengi. Ili yaingie kwenye betri ya gari hayana budi kusafishwa hadi asilimia 99.95 na kuviringishwa kuwa chembe za duara ndogo kuliko vumbi la unga wa ngano. Kati ya kiroba cha kinywe na chembe ile kuna hatua nyingi, na kila hatua ni kazi ya mtu fulani. Tusipomsomesha mtu huyo tutaendelea kuwa wasafirishaji wa viroba.

Mtaniuliza: wakihitimu wataajiriwa wapi? Ni swali la haki, kwa sababu nimeona kinachotokea. Kijana mmoja aliyepita kwenye maabara yangu kama mwanafunzi wa stashahada alipata ufadhili, akaenda nje kusoma shahada hii hii miaka minne, akarudi. Aliomba kazi katika ofisi moja ya umma iliyotangaza nafasi ya mtu wa kupima ubora wa vyuma. Orodha ya sifa ilikuwa na mitambo, ujenzi, umeme, kemikali. Ya kwake haikuwemo. Akapiga simu, akaambiwa shahada yake haimo kwenye muundo wa utumishi. Mtu aliyesomea vyuma kuanzia asubuhi hadi usiku akakosa kazi ya vyuma. Leo anafundisha hesabu sekondari, na wanafunzi wake wana bahati kumpata.

Ghana wanayo shahada ya kwanza ya uhandisi wa maada, Legon na Kumasi. Hawakusubiri viwanda vyote visimame ndipo waanze. Nasi hatuhitaji kuanza vyuo vitano. Kianze kimoja. Kipokee wanafunzi 30, si 200, ili kila mmoja ashike sampuli yake mwenyewe tangu wiki ya kwanza hadi ya mwisho. Miaka miwili ya mwanzo wakae na wenzao wa mitambo na kemikali, hapahitaji gharama mpya. Wahadhiri wapo: wengi wamesoma uzamivu nje na wengine hapo Arusha, na wanafundisha masomo ya jirani kwa sababu la kwao halipo.

Fedha za kuanzia si hadithi. Mradi wa HEET, wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, uliidhinishwa 2021 kwa ajili ya vyuo vyetu, na majengo yanapanda. Nafurahi kila nikiona picha za jengo jipya. Lakini mradi una mwisho na maabara haina. Kila mashine inayonunuliwa iandikiwe, kwenye bajeti ya chuo yenyewe, kifungu cha sili, cha msasa, cha asidi, cha kuipima usahihi wake kila mwaka, na kifungu hicho kisiguswe kwa ajili ya semina. Na mafundi sanifu waajiriwe wakati wazee hawajaondoka. Mimi nilikabidhi funguo kwa mlinzi. Miaka 31 ya kujua mashine ile inapenda nini na inakataa nini, niliiacha getini pamoja na funguo.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi, nanyi mnaosimamia miundo ya utumishi: andikeni jina la mhandisi huyu kwenye orodha kabla wa kwanza hajahitimu. Inachukua kikao. Yeye inamchukua miaka minne.

Ombi la mwisho ni dogo, na sijaona likiombwa. Kila siku mashirika yetu ya umma yanavunjikiwa. Bolti za nguzo za umeme, springi za mabehewa, mabomba ya maji, shafti za pampu, mapangaboi ya meli. Kikishavunjika kinatupwa kwenye rundo la skrepa, kinauzwa kwa kilo, kinayeyushwa kuwa nondo, na sababu ya kuvunjika kwake inayeyuka pamoja nacho. Toeni agizo kwamba kila kinachovunjika kikiwa kazini, kabla ya kuuzwa, kipite kwenye maabara ya chuo hicho kikiwa na kikaratasi: kimetoka wapi, kilifanya kazi miaka mingapi, kilivunjika saa ngapi, mzigo ulikuwa gani. Mwanafunzi akitazame, aandike ukurasa mmoja, urudi kwa mwenye mali. Ndani ya miaka kumi nchi itakuwa na kumbukumbu ya magonjwa ya vyuma vyake yenyewe, kwa joto lake, chumvi yake, barabara zake na mafundi wake. Kumbukumbu hiyo hatuwezi kuiagiza kutoka nje kwa sababu nje haipo. Na Jumamosi milango ifunguliwe kwa mafundi wa kuchomelea na wa gereji, waje na viroba vyao kama yule mama.

Nilianza mwenyewe, kwa uwezo wangu. Sanduku nililolitaja ni la mbao, la kijeshi, lina vipande 61. Shafti ya mama ni namba 1. Namba 7 ni jino la gia ya mashine ya mkonge. Namba 19 ni springi ya daladala iliyokatikia kwenye shimo la bolti. Namba 34 ni kipande cha nondo kilichokatika kwa kupindwa tu, mkononi, mbele ya macho yangu, kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikubali kuibomoa nguzo baada ya kukiona. Kila kimoja nimekipaka mafuta, nimekifunga kwa gazeti, na nimekiandikia daftari kwa mkono. Vilikuwa vyangu vya kufundishia. Wakati mashine imefunikwa shuka, ndivyo nilivyowapa wanafunzi washike.

Binti wa dada yangu alikaa navyo sakafuni siku nzima ile, daftari mapajani. Alipofika namba 1 aliugusa ule uso wa mkatiko kwa ncha ya kidole, akafuata mistari kutoka kona ya mfereji hadi mwisho, na kabla sijamweleza chochote akaniuliza kwa nini iko karibukaribu mwanzoni kisha inaachana kadiri inavyosogea. Ni swali sahihi kabisa. Dirisha la udahili likifunguliwa atalazimika kujaza kitu.

Sanduku ni zito, linahitaji watu wawili. Niko tayari kulileta kwa gharama yangu, pamoja na daftari, na kukaa wiki kadhaa bila malipo nikimwonyesha fundi sanifu yeyote kijana mtakayemwajiri. Naomba tu mniambie nililete chuo gani, na kama mlangoni atakuwepo mtu wa kulipokea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu mstaafu wa maabara ya vyuma